Malalamiko Kuhusu Damu Yangu Kudharauliwa na Maabara

Ndugu Mganga Mkuu wa Zahanati,

Pokea salamu na heshima zangu. Mimi ni yule mkulima wa nyanya aliyedondoka kwenye foleni yenu Jumanne na kuangusha benchi. Ninaandika kwa uchungu, ila kwa adabu, kumlalamikia mtaalamu wako wa maabara. Aliitazama damu yangu dakika chache tu, kisha akanitangazia mbele za watu kwamba ni pungufu na nisishike pampu ya dawa miezi sita. Miezi sita! Na nyanya ndiyo kwanza zinachanua. Hoja zangu ni hizi:

1. Nimepulizia dawa ya wadudu miaka kumi na tisa bila glavu wala barakoa. Tundu la pampu likiziba, ninalipuliza kwa mdomo linazibuka. Wenzangu huniita Mzee wa Dawa. Damu ya mtu kama huyo inapunguaje?

2. Mbu wakiniuma hawarudi. Asubuhi ninawakuta chali juu ya shuka. Hebu niambie, mtaalamu wako ana damu ya namna hiyo?

3. Alisema chembe nyeupe zimepungua, asiseme zimekwenda wapi. Damu ilikuwa kwenye kichupa chake, mkononi mwake. Kitu kikipotea, si huulizwa aliyekishika mwisho?

4. Kizunguzungu, mikono kutetemeka na fizi kuvuja damu ameviita dalili. Hayo ni mambo ya kazi tu, kama vumbi kwa seremala. Jirani yangu tuliyepulizia naye pamoja hakulalamika hata mara moja, mpaka tulipomzika.

5. Kwa hiyo naomba damu yangu isafishwe jina kwa barua yenye mhuri, ibandikwe kwenye ubao wenu wa matangazo. Na ile iliyobaki kwenye kichupa nirudishiwe, nijaribu matone mawili kwa vidukari wanaonyonya nyanya zangu.

6. Ili tumalize ubishi, asubuhi hii nimemtuma mke wangu aje apimwe. Yeye hajashika pampu maisha yake yote. Mkiikuta na yake pungufu, mtaalamu akiri kwamba inayoumwa ni mashine.

Wasalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini na mama wa usafi aliyeniokota. Mtaalamu wa maabara naye msalimie, ila kwa ufupi.

Ni mimi, mwenye damu yake,
Mzee wa Dawa

Tanbihi: Mke wangu amerudi na karatasi. Damu yake iko chini kuliko yangu. Nilimuuliza dawa ameigusia wapi, akanionyesha beseni anamofulia nguo zangu za kupulizia, kwa mikono, tangu tuoane. Ndugu Mganga, nimeogopa sana. Hoja zote sita ninazifuta, na nyanya ziliwe na wadudu wakipenda. Kesho tunakuja sote wawili. Tafadhali aanze kuonwa yeye.