Moto Nilioenda Kuuzima Ziwani

Leo nimejivua nguo mchana kweupe. Tena nikiwa nimevaa jaketi la kuokolea, kofia ya mama na gambuti.

Nawaandikia nikiwa juu ya mashua, katikati ya ziwa, na kwenye nyusi zangu kuna wadudu ambao wamekataa kutoka. Najua habari imefika kwetu Kiptere kabla yangu. Imefika hata pale kituo cha majani chai, ambapo juzi juzi nilisimama mbele ya wazee nikawaambia nitazunguka Ziwa Victoria kwa tanga na nirudi nikiitwa nahodha. (Mlicheka. Sawa. Leo nimewapa sababu.) Lakini najua mmeambiwa mambo nusu nusu, kwa hivyo wacha niwaambie mwenyewe, halafu kila mtu aendelee na kazi yake.

Safari hii ni ya Otieno. Mnamjua, amezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, tumesoma naye, na Kikipsigis chake kinashinda changu. Marehemu baba yake alitoka kisiwani huku akaja kwetu kuchuma chai. Miaka yote alikuwa anamwambia, "Siku moja nitakupeleka kwa nyanya yako kwa tanga, vile mimi nilitoka." Hakuwahi. Sasa Otieno akasema anaenda, baba hayuko, lakini anaenda, na kwa tanga. Akatualika mimi na Chepkirui wa Kapsoit, yule wa ofisi ya kiwanda, msichana ambaye hata nyoka akipita miguuni anamwuliza anaenda wapi. Mashua ni ya baba mdogo wake Otieno, mzee mmoja mkimya ambaye sisi tunamwita Kapteni. Ina tanga jeupe, kijumba kidogo cha kulala na jiko la gesi. Mpango ni kupitia visiwani polepole mpaka kwa nyanya, tukae hapo kidogo, halafu tuendelee mpaka likizo ituishie.

Kwa hivyo kumbukeni: mwisho wa haya maji kuna nyanya anayesubiri mjukuu wake. Mimi nilikaribia kuharibu hiyo kitu. Si mara moja.

Siku ya kwanza ilikuwa ni mursik. Mama alinipa kibuyu kizima nimpelekee nyanya, maziwa yamelala mpaka yakaganda vizuri, na mkaa wake. Nikakiweka kwenye jua karibu na mlingoti ili nikione. Jua likapiga, mawimbi yakatikisa, na mchana kizibo kikaruka, pwaa! Tanga jeupe la Kapteni likapata madoa ya kijivu kutoka juu mpaka chini. Kapteni aliangalia tanga. Akaniangalia mimi. Akarudi kuangalia tanga.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni zawadi," nikasema.

Jana tena tulishuka kwenye kisiwa fulani kunyoosha miguu, nikajitolea kufunga mashua. Nikafunga fundo la ndama. Wafugaji mnalijua: ndama akijinyonga usiku unavuta ncha mara moja, kamba inafunguka. Fundo zuri sana. Ila wimbi nalo lilikuwa linajua kuvuta. Tukarudi tukakuta mashua inaenda zake, Chepkirui akiwa ndani amelala. (Alipoamka alichukua kasia akaturudia akipiga miayo. Ndiyo maana namwogopa.)

Usiku Kapteni alituketisha chini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ziwa haina mchezo," akasema. "Mimi sitaki kuzika mtoto wa mtu. Kibet, kosa ingine moja tu, nageuza mashua. Nawarudisha nyinyi wote, mpande gari mwende nyumbani."

"Na nyanya?" Otieno akauliza.

"Nyanya atakuja kuwaona Krismasi, kama ataweza."

Otieno alikuwa ameshika ile pakiti ya majani ya chai aliyombebea nyanya, kwa sababu baba yake kila mwaka alikuwa anatuma chai. Aki nilijisikia vibaya. Nikaapa moyoni kwamba leo nitakuwa mtu mwingine kabisa.

Na asubuhi nilikuwa! Niliosha vikombe. Nilikaa pale nilipoambiwa nikae. Kapteni akaona nimetulia, na kwa vile hakuwa amelala akitulinda, akanikabidhi usukani. Mimi! "Shika hapa. Elekea kile kilima. Usiguse kitu kingine." Akaingia kwenye kijumba kulala.

Wueh! Upepo mzuri, tanga limejaa, maji yanang'aa, Otieno anachemsha chai, Chepkirui anapaka mguu mafuta. Nilijiona. Nilikuwa hata nimeanza kuongea na sauti nzito.

Ndipo nikaona moshi.

Moshi mweusi mweusi, umesimama wima kutoka kwa maji mpaka mawinguni. Sasa mimi ni mtu wa moshi. Nimekua nikiangalia bomba la kiwanda cha chai, nikiona moshi tu najua kama kuni ni mbichi au kavu. Nikacheka, nikawaambia, "Jameni, hata huku kuna kiwanda!"

Halafu nikakumbuka kwamba hakuna mtu anajenga kiwanda juu ya maji.

"Otieno! Ile ni meli! Meli inaungua!"

Otieno akaacha sufuria akaja kuangalia. (Msimlaumu. Amezaliwa Kericho. Ziwa analijua vile mimi ninalijua.) Akashika kichwa. "Yawa! Watu watakuwa wengi huko!"

Chepkirui naye akainua macho mara moja. "Mbona huo moshi unatembea?"

"Meli inatembea ikiungua!" nikamjibu.

"Na moto uko wapi?"

"Uko ndani!"

Kwa nini hatukumwamsha Kapteni? Mimi ndiye nilikataa. Nilijua atasema ni kosa, atageuza. Na nilijiambia, nikiokoa watu wa meli nzima, nani atakumbuka mursik? Nikageuza usukani, nikaacha kile kilima, nikaelekeza mashua moja kwa moja kwenye moshi.

Kabla ya hapo nilitoa simu. Kulikuwa na netiweki kidogo, mstari mmoja unaokuja na kupotea. Nikatuma sauti kwenye grupu la kanisa: "Wapendwa, tuko ziwani, meli inaungua, moshi umefika mbinguni, tunaingia ndani, tuombeeni!" Ikaenda. Netiweki ikazimika hapo hapo. (Sikilizeni tena hayo maneno. Mimi nilimaanisha tunaenda kuokoa. Sasa najua haikusikika hivyo.)

Tukapita mtumbwi wa wavuvi wakitoka kule. Wamevuta mashati wakafunika vichwa, wanapiga makasia wakitupungia mikono kwa nguvu.

"Mnaona?" nikasema. "Moshi umewazidi!"

Nikawapungia na mimi. Nikawapigia kelele, "Poleni! Sisi tunaenda!" Wakaangaliana. Sitasahau vile waliangaliana.

Nikamwambia Otieno ashike usukani. Nikachukua ndoo nikaijaza maji, nikapanda mbele kabisa, mguu mmoja juu, kofia ya mama kichwani. Moshi ukaja. Ukaanza kulia. Nikasema moyoni, hii sasa ni ajabu, moshi gani huo una sauti ya nyuki? Lakini mdomo tayari ulikuwa wazi kwa sababu nilikuwa naita, "Shikeni imara! Tumefi..."

Sikumaliza. Mdomo ulijaa.

Wadudu! Wadudu wadogo wa ziwa, wale hutoka majini wengi wengi wakaruka pamoja, wengi mpaka jua likapotea. Wameingia puani, masikioni, ndani ya jaketi, ndani ya gambuti. Wamejaa kwenye sufuria ya chai. Otieno anapiga chafya akizunguka na usukani. Mimi sioni kitu, natema, nalia, na mkononi bado nina ndoo. Na nawaambia ukweli: bado nilikuwa naamini kuna meli ndani yake! Nikarusha yale maji yote kwa nguvu zangu zote.

Yakampata Kapteni. Alikuwa ndio anatoa kichwa kwenye kijumba.

Alisimama hapo akichuruzika maji. Wadudu wakamkalia, kwa vile sasa alikuwa amelowa. Akanyoosha mkono, akafunika mdomo na shati, akasubiri tu, mtu ambaye ameona hii kitu tangu utotoni. Wadudu wakapita. Jua likarudi. Tanga halikuwa jeupe tena, wala madoa ya mursik hayakuonekana. (Hiyo ndiyo faida peke yake.)

"Nani amekufa?" Kapteni akauliza.

"Hakuna, Kapteni. Ni meli inaungua."

"Meli gani?"

Nikaangalia ziwa. Maji matupu mpaka mwisho wa macho. Kapteni akanikaribia, akachukua mdudu mmoja kwenye mdomo wangu kwa vidole viwili, akamwinua juu.

"Hii ndiyo meli yako?"

Chepkirui alikuwa amejifunika shuka tangu zamani. Akaifunua kidogo. "Nilimwuliza moto uko wapi," akasema, kisha akajifunika tena. Shuka ikaanza kutetemeka. Alikuwa anacheka huyo.

Kapteni hakucheka. Akaenda nyuma, akamtoa Otieno kwenye usukani, akageuza mashua. Kile kilima kikawa nyuma yetu. Tulikuwa tunarudi nyumbani.

Hapo, marafiki, mzaha uliisha. Otieno alikaa chini akaanza kutoa wadudu kwenye pakiti ya chai ya nyanya, mmoja mmoja, na pakiti ilikuwa imefungwa vizuri, hapakuwa na haja. Nilimwambia, "Otieno, nisamehe." Akasema, "Ni sawa, Kibet." Ingekuwa rahisi kama angenitukana. Niliumia kabisa. Nilimwomba Kapteni aniache mimi kwenye kisiwa chochote, aendelee na wao. Akasema hawezi kuacha mtu kama mimi kwenye kisiwa, watu wa hapo wamemkosea nini?

Halafu netiweki ikarudi.

Simu ililia mpaka ikawa moto. Mchungaji ameita maombi. Mama ametuma sauti: yeye na wachumaji wote wamepiga magoti katikati ya chai, na gari la majani limesubiri mpaka waseme amina. Shangazi yangu anauliza, kwa uchungu mkubwa, kama nilikuwa nimesema nani atachukua ng'ombe wangu yule wa maziwa mengi. (Shangazi, niko hai. Rudisha ng'ombe.)

Kwenye hilo grupu yumo pia mama yake Otieno. Yeye, kusikia meli inaungua, akampigia nani? Akampigia mama mkwe wake. Kisiwani.

Simu ya Kapteni ikalia. Akaangalia jina, akasimama wima. Mzee mzima mwenye mvi alisimama wima! Akaweka sauti juu ili ashike usukani, tukasikia wote.

"Mko hai?"

"Tuko hai, Mama. Ilikuwa ni wadudu tu."

Akamweleza yote. Kisha kikatoka kicheko cha mwanamke mzee, kirefu, mpaka akakohoa.

"Na sasa mko wapi?"

"Tunarudi, Mama. Huyu kijana wa Kericho atatuua."

"Umegeuza mashua?"

"Ndiyo, Mama."

"Igeuze tena."

"Lakini Mama, huyu mtu..."

"Anajua kuogelea?"

"Hajui kabisa."

"Hajui kuogelea, akaona moto, akaenda huko kwa moto? Mlete huyo nimwone. Na mlete mtoto wa mwanangu. Mimi Krismasi siendi popote."

Kapteni akageuza mashua. Hakuniangalia, lakini niliona shavu lake likicheza. Otieno akageuka upande, akajipangusa macho, akasema ni wadudu. Hakukuwa na mdudu hata mmoja kwenye macho yake.

Nilikuwa hata nimeanza kuimba moyoni. Kumbe nyanya hakuwa amekata simu.

"Na hao wadudu msiwamwage! Kusanyeni wote. Nitaanika, nisage, nimtengenezee mgeni vile vikate alivyopenda mwanangu akiwa mdogo. Alikuwa anavimaliza."

"Baba alikula hivi?" Otieno akauliza polepole.

"Alilia vikiisha."

Basi tumeshinda jioni hii yote tukipangusa tanga na kukusanya wadudu. Chombo kikubwa tulichonacho kitupu ni kibuyu cha mursik cha mama. Kimejaa mpaka shingoni, na safari hii nimekifunga kizibo kwa kamba. Kesho tunafika. Otieno ameniambia nitakula, nitamaliza, na nitasema kongoi, asante ya kwetu, kwa sababu hiki ni chakula cha baba yake. Nimemwahidi.

Wazee wa kituo cha majani chai, tafadhali msicheke mpaka nirudi. Moto nilioenda kuuzima, kesho naula na chai.