Hotuba ya Uzinduzi wa Glasi Moja ya Mafuta ya Gia

Mheshimiwa Shefu wa Zoni, unayewakilishwa hapa na msaidizi wako, ambaye naye anawakilishwa na kofia yake ile pale kwenye kiti cha mbele. Waheshimiwa viongozi wa dini zote. Wanajeshi wetu shupavu mliowahi kivuli. Mafundi stadi wa Buyenzi, ambao karakana yenu tumeiazima asubuhi hii bila kuwauliza. Mama Spès, muuguzi wa zahanati ya Ruziba, uliyekuja na kisanduku chako cha barafu. Mabibi na mabwana, itifaki yote ikiwa imezingatiwa isipokuwa ile ya kunipa mimi maji ya kunywa: mimi, Gélase, Direkteri Mkuu wa Ofisi ya Vilainishi Vizito, nawasalimu kwa niaba yangu mwenyewe. (Makofi. Kofia haisogei.)

Ndugu wananchi, leo hii, mwaka 1998, huku majirani wakiwa wametufungia mipaka na petroli ikiuzwa kwa chupa kando ya barabara, Ofisi yangu inazindua Projé ya Kitaifa ya Kukagua na Kubadilisha Mafuta ya Gia ya Nyuma kwa Pikipiki za Zamani Zisizo na Mnyororo. Pikipiki yenyewe ni hii hapa nyuma yangu, mali ya zahanati ya Ruziba. Miezi minane iliyopita Mama Spès aliileta ofisini akilalamika kwamba gurudumu la nyuma linanguruma, akaomba mafuta kidogo ya gia, akaambiwa aiache na asubiri. Ofisi nyingine, ndugu zangu, ingempa mafuta akaenda zake. Sisi tuliunda komisyo. (Vicheko. Direkteri anainama kushukuru.)

Komisyo hiyo ya watu kumi na mmoja, katika awamu ya kwanza iliyodumu wiki tisa, iligundua jambo zito sana, kwamba pikipiki haina mnyororo. Tulichukua hatua papo hapo. Tulimwita mlinzi wetu wa lango, Cirimwami, aeleze mnyororo wa serikali ameupeleka wapi, akawekwa ndani siku nne, naye kwa ukaidi wake akashikilia kwamba pikipiki za aina hii huzungushwa na chuma kirefu kilichofichwa ndani ya bomba, chenye gia zake na mafuta yake kule kwenye gurudumu. Katika awamu ya pili tulimwita mtaalamu, ambaye alituambia maneno yaleyale ya Cirimwami, lakini kwa Kifaransa, na ndipo tukayaamini. (Sauti: "Na Cirimwami, mulimuomba musamaha?") Swali zuri, litajibiwa kwa maandishi.

Awamu ya tatu ndiyo ya ukaguzi wenyewe. Komisyo, ikiwa imevaa glavu, iliiegemeza pikipiki kwenye mguu wake wa pembeni, ikafungua kizibo, ikachungulia, ikaandika: mafuta yamejaa, asilimia mia moja na nne. (Mzee Radjabu, fundi mwenye karakana, kutoka nyuma: "Musyé Direkteri, pikipiki ikilala upande, mafuta inakimbilia upande! Unaipimaka ikisimama wima!") Asante, mzee wangu, maoni yako yameingizwa kwenye raporo. Na rangi je? Rangi, ndugu wananchi, ilikuwa nyeupe! Mafuta ya gia ya mataifa mengine ni meusi, au ya kahawia, lakini yetu ni meupe pe, rangi ya amani ambayo nchi nzima inaililia, na mimi binafsi niliamua kwamba mafuta yenye ujumbe kama huo hayawezi kumwagwa ovyo wakati watu wako kwenye mazungumzo. (Radjabu: "Nyeupe ile ni maji! Ni mvua ya huko Ruziba iliingia! Ukitembea nayo gia inakufa, tairi inakamata mu njia, unaanguka!")

(Mama Spès anasimama: "Musyé Direkteri, mi niko na chanjo ya surua humu ndani. Barafu inaisha saa sita. Wiki hii tulizika watoto wane. Nilishaenda Ruziba na miguu mara mbili, barafu ikaishia mu njia.") Mama, uchungu wako umenigusa sana, na umeandikwa hapa kwenye ukurasa wa kumi na saba, nasi sasa tuko ukurasa wa sita.

Nakuja kwenye takwimu. Kati ya pikipiki zote zilizoletwa kwetu, asilimia mia moja zimehifadhiwa salama, na hakuna hata moja iliyopata ajali, kwa kuwa hakuna hata moja iliyotoka. (Nyuma yake Radjabu anaisimamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, anaipiga teke, injini inawaka, gurudumu linazunguka hewani ili mafuta yapate joto.) Nasikia shangwe, asanteni! Kufikia mwaka 2005, kila raia atakuwa na kizibo chake! (Radjabu anazima injini, anafungua bolti ya chini. Kitu cheupe kama uji kinashuka ndani ya karai la Asiya, muuza chai. Fundi anaifuta bolti, anaiangalia juani: "Ni vumbi ya chuma tu, apana meno ya gia. Gia iko muzima, alhamdulillahi.") Mapipa arobaini ya mafuta yako njiani, ndugu zangu. Na namwona Mama Asiya anapita na glasi ya chai, nadhani ni yangu.

(Si yake. Ni mafuta ya gia, ambayo Radjabu aliyaficha kwenye chupa ya Fanta tangu mipaka ifungwe, ayatumie kwenye pikipiki yake mwenyewe. Anairudisha bolti ya chini, anayamimina polepole mpaka yanafika kwenye mdomo wa tundu, anakaza kizibo. Glasi moja ya chai, basi. Miezi minane! Mama Spès anafunga kisanduku kwa kamba ya mpira, anamshika Radjabu mkono kwa mikono yake miwili, anawasha, anaondoka.)

Sasa tupaze sauti pamoja! Mafuta meupe! (Umati: "Mbio, Mama Spès!") Kizibo kwa kila raia! (Umati: "Pita chini, huku juu kuna bariere ya wanajeshi!") Ukaguzi hoyee! (Kelele kubwa. Kofia inaanguka.)

Na sasa nageuka kuikatia utepe pikipiki yetu. (Anageuka na mkasi mkononi.) Aa.

Basi nishukuru. Namshukuru mzee Radjabu kwa mafuta, maana Ofisi haijawahi kuwa nayo, na mapipa yale arobaini niliyatoa kwenye raporo ya mwaka jana, niliyoiandika mimi. Nawashukuru wajumbe kumi na mmoja wa komisyo, ambao siku moja natumaini kuwateua. Na ninawasihi, ndugu zangu, mwenye pikipiki mbovu ailete kesho kabla ya saa tatu, kwani wafadhili wanakuja kuiona projé, na projé ilikuwa ni hiyo moja tu, na hata hiyo haikuwa yetu.