Majogoo Watatu wa Kardinali Grifalti

Jumatatu, 3 Agosti
Papa kafariki! Kengele ya Kapitolini, ile inayolia Papa akifa tu, imelia nikiwa kwa kinyozi. Wembe umemteleza, kidevu changu kimechanika. Mungu amlaze mahali pema. Sasa kazi.

Kila Papa huja na alama ya ukoo wake, na Roma nzima huitaka: milangoni, visimani, darini, pamoja na funguo mbili na taji la ghorofa tatu. Chama cha Waoka Mikate kina kanisa jipya na mlango wake mtupu. Mkuu wao, Mzee Anselmo, katangaza kwamba atakayetangulia kuleta ngao ya marumaru yenye alama ya Papa mpya ndiye atakayechonga madhabahu yote. Kazi ya miaka sita!

Wajinga watangoja makardinali wapige kura. Mimi ningoje nini? Papa ajaye ni Grifalti. Mpishi wake kaniambia kwa mdomo wake kwamba fundi viatu kashampima mguu. Nani hupimiwa viatu vyekundu vya Papa bure? Alama ya Grifalti ni majogoo watatu. Na hapa Roma hakuna achongaye jogoo kama mimi, Gaspare. Yule niliyemchonga kule Viterbo aliwafanya kuku wa mtaa mzima watage nje ya msimu.

Alhamisi, 6 Agosti
Jiwe nimepata. Marumaru ya Carrara, nyeupe, haina mshipa. Ni la Ortensia, binti wa marehemu kaka yangu. Baba yake alimwachia aolewe nalo, maana kwetu msichana haendi kwa mume mikono mitupu. Harusi ni Oktoba. Nimeazima tu. Nikipata madhabahu nitamrudishia mawili. Sijamwambia. Jambo zuri halitaki papara.

Mchumba wake ni Tiburzio, mchongaji wa ng'ambo ya njia. Nimempitia. Ana ngao yake: funguo tayari, taji tayari, katikati peupe kama utosi wa mtawa. Nikamuuliza kama Papa wake hana ukoo. Kanijibu kwa ile adabu yake inayoudhi, ati yeye katikati hagusi mpaka Papa avishwe taji. Mvivu! Nikamuuliza kama na mke naye atangoja avishwe taji. Mtaa mzima ukacheka. Tiburzio naye akacheka, akaniharibia.

Ijumaa, 21 Agosti
Mizinga! Tuna Papa! Nilikuwa uwanjani, kofia mkononi, tayari kuirusha. Jina likatangazwa roshanini: Passerani. Nani? Mzee wa miaka themanini na moja, aliyebebwa kwa kiti kwenda kupiga kura! Kofia niliirusha hivyo hivyo. Haikurudi.

Nyumbani nimemkuta Ortensia amesimama mbele ya jiwe lake. Kaniuliza, "Ba'mdogo, ni nini hiki?" Nikasema ni kuku. Akauliza kuku wanatafuta nini kwenye jiwe lake. Nikamsahihisha: majogoo. Akaenda zake jikoni, na chakula cha jioni hakikuwepo.

Jumapili, 23 Agosti
Nimeokoka! Alama ya Passerani ni mayai matatu! Jogoo ukimtoa kichwa, mkia na miguu, kinachobaki ni nini? Yai! Kazi ya kupunguza tu. Nimemweleza Ortensia. Kasema popote duniani yai ndilo huwa jogoo, ila kwa Ba'mdogo jogoo ndiye anayekuwa yai. Nimelichukulia kama sifa.

Jumatatu, 31 Agosti
Mayai yamekamilika. Laini! Paka wa jirani kayanusa mara mbili. Jiwe limepungua nusu, lakini nusu iliyobaki ndiyo nzuri.

Nikakodi mkokoteni wa ng'ombe. Tulipofika darajani, kengele ya Kapitolini ikaanza. Nikamuuliza muuza tikitimaji kafa nani. Papa. Nikamwambia huyo alikufa zamani. Akasema, "Siyo yule, babu, huyu mpya. Siku kumi tu, hata taji hajavaa."

Babu! Mimi!

Nikaenda hivyo hivyo. Mzee Anselmo katoka na unga mikononi, kayapapasa mayai, kasema ni mazuri sana, ila kwa Papa aliyekufa halipi mtu, na mlango ukiwa na mayai watu watakuja kuulizia keki. Nimerudi na mzigo wangu. Ng'ombe ndiye pekee aliyenitazama kwa heshima.

Jumamosi, 19 Septemba
Grifalti! Papa ni Grifalti! Nilisema! Nilisema tangu Agosti! Nimezunguka mtaa mzima nikiwakumbusha watu kwamba nilisema, mpaka mke wa kinyozi akafunga dirisha.

Ortensia kaniuliza kwa upole majogoo wako wapi. Nikatazama mayai. Akasema, "Basi yaatamie, Ba'mdogo. Ni wiki tatu tu."

Jumanne, 29 Septemba
Grifalti kavishwa taji juzi. Leo Tiburzio katundika ngao. Siku mbili tu, majogoo watatu pale pale palipokuwa peupe. Mabawa mafupi, nimemwambia kila mpita njia. Madhabahu kapewa yeye.

Jioni kaja kwangu, kofia mkononi. Nikajua kaja kuvunja uchumba. Jiwe limebaki kama sahani, nani ataoa sahani? Ortensia alikuwa nyuma ya mlango, kaikunja aproni yake mpaka ikawa kamba. Nikiri hapa tu, kwenye karatasi: nililifunika jiwe kwa koti langu.

Tiburzio kasema anamtaka Ortensia na kilichobaki, hata kingekuwa changarawe. Kisha kasema, "Na wewe baba, ukitaka kuja kusugua nguzo za madhabahu, nafasi ipo." Kusugua! Mimi! Nimekubali, nisimvunje moyo kijana. Ortensia kalia. Kwangu mimi ni vumbi la marumaru lililoniingia machoni.

Jumapili, 11 Oktoba
Harusi imefana. Nimesimulia habari ya jogoo wa Viterbo mara tatu. Tiburzio kayafuta mayai, kalisawazisha jiwe, kalifanya meza ya Ortensia ya kukandia unga. Meza nzuri. Wageni wameisifu kuliko divai.

Lakini mpishi wa Grifalti kanivuta pembeni. Papa anakohoa. Mchuzi anaurudisha. Anayefuata ni Kardinali Malvetri, hapana ubishi, na alama ya Malvetri ni fahali mmoja. Mmoja tu! Theluthi ya kazi!

Watu walipokuwa wakicheza niliingia chini ya meza, nikapima kwa shubiri. Upande wa chini ni safi, haujaguswa, na unene ni vidole vinne kamili. Nani huinama kutazama chini ya meza? Kesho maharusi wanakwenda misa ya alfajiri. Patasi nimeshainoa.