Ombi la Kuwa Mgeni Nyumbani Kwangu

Kwako Mama Mkwe mheshimiwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila hatujaoga vizuri. Natumaini barua hii itakukuta una afya njema na mahali pa kukaa, kwa kuwa mashtaka yangu ni marefu na mshtakiwa ni binti yako.

Kama ulivyosikia, tumekarabati bafu. Unalikumbuka lile la zamani: ukijipaka sabuni kiwiko kinagonga ukuta, na maji yalikimbilia mlangoni badala ya kwenda shimoni. Sasa lina vigae vyeupe hadi darini, bomba la mvua na kioo. Ni zuri. Hilo ndilo tatizo, na naomba nilieleze kwa mpangilio.

1. Siku fundi alipomaliza kazi, aliomba kunawa mikono. Binti yako alimwelekeza kwenye bomba la uani. Mtu aliyeyafunga mabomba yote ya humo ndani alikwenda kunawa nje, karibu na banda la kuku. Nilicheka sana. Sikujua kuwa wa kuchekwa ni mimi.

2. Jioni ile ile nilichukua taulo, nikaambiwa bafu ni la wageni. Tangu hapo mimi na watoto tunaogea uani kwa beseni, nyuma ya shuka lililofungwa kwenye kamba. Upepo ukivuma, shuka linakwenda zake. Mama, mimi ni mwalimu, na wanafunzi wangu hupita njia hiyo. Wana adabu mno. Wananiamkia, nami nawaitikia marahaba nikiwa na povu kichwani, kisha kesho yake nasimama mbele yao kufundisha uraia.

3. Wageni wenyewe hawaogi. Wanakuja, wanakunywa chai, wanavua viatu, wanaonyeshwa bafu. Wanatikisa vichwa, wanatoa hongera, wanarudi kwao kuoga. Mwenyekiti wa mtaa alithubutu kufungua bomba aone nguvu ya maji. Binti yako alilifunga kabla tone halijagusa sakafu.

4. Dada yake alipokuja na begi la nguo, moyo wangu ulifurahi, nikajua sasa litafunguliwa. Tukaambiwa dada si mgeni, ni damu. Akaogea beseni, tena baada yangu, maji yakiwa yameshapoa.

5. Kwa heshima zote, ugonjwa huu umetoka kwako. Sisemi kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, Mama, sithubutu. Nasema tu kwamba viti vya sebuleni kwako vimefunikwa nailoni tangu nilipokuja kuposa, na siku ile niliteleza mbele ya wazee wote.

Kwa hiyo naleta ombi. Naomba uniandikie barua ya kunitambulisha kuwa mgeni rasmi katika nyumba yangu. Sifa ninazo. Natoka asubuhi, narudi jioni, napiga hodi. Nakaa ninapoelekezwa. Nikiingia watu wakizungumza mambo ya nyumba, wanashusha sauti. Rangi ya vigae niliijua siku moja na majirani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hilo jembe nitalipokea kwa mikono miwili, mradi siku zile mbili nioge. Sikatai kazi. Inaniuma tu, Mama, kuonekana sistahili kitu kizuri kwa sababu naishi nacho.

Na kama kuandika ni taabu, basi njoo mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Msalimie Baba, wasalimie mashemeji wote, na yule shangazi aliyesema siku ya posa kuwa sitafika mbali. Mwambie hata bafuni sijafika.

Wako mtiifu, anayenuka kidogo,
Mkweo, Mwalimu

Nyongeza: Binti yako amekuja akasimama nyuma yangu, akasoma yote haya. Kisha ameniletea taulo jipya na kunifungulia mlango. Nimeoga. Maji yalikuwa ya moto, Mama, nusura nilie. Nilipomaliza niliona matone kwenye vigae, nikayafuta yote kwa fulana yangu, halafu nikafuta na alama za nyayo zangu. Nje nimewakuta watoto wamepanga foleni, miguu imejaa vumbi la mpira. Nimewarudisha uani. Ufunguo sasa nautunza mimi. Ombi la hapo juu lisahau. Kuhusu kuja, karibu sana, nyumba ni yako. Ila tafadhali uoge hukohuko kabla ya kusafiri.