Sheria ya Nyumba za Udugu

Austine alikuwa akilinda mlango wa hoteli moja huko Al Garhoud, Dubai. Siku moja mgeni wa Kimarekani, aliyevaa fulana yenye herufi za Kigiriki, alimsimulia habari za vyama vya udugu vya vyuoni kwao wakati akingoja teksi. Wavulana wana nyumba yao, wasichana yao, na wanachama wanapigania sheria ya kuzisaidia nyumba hizo. Mgeni akapanda teksi akaenda zake. Austine akabaki anatabasamu peke yake.

Wiki hiyo wakaguzi walikuwa wakipita mtaa wa Karama kuwatoa watu waliojazana vyumbani, na wapangaji walilala roho juu. Austine akatangaza harakati ya Nyumba za Udugu. Sheria ikipita, alisema, kaka watakaa pamoja na dada watakaa pamoja, kwa kibali, bila kugongewa mlango na mtu.

Wa kwanza kunasa alikuwa Severin, aliyekodi fleti nzima na kupangisha vitanda mpaka jikoni. Alitaka kujua sheria itaruhusu vitanda vingapi.

"Hayo ni kati ya mwenye nyumba na dhamiri yake," Austine akamjibu.

Severin na dhamiri yake hawakuwahi kugombana. Jioni hiyohiyo alimpa Austine kitanda cha bure chini ya kiyoyozi, pamoja na chakula, ili sheria ije upesi.

Miezi miwili Austine aliishi kama balozi. Kila nyama ilipopungua sahanini, aliongeza kifungu kwenye rasimu ya sheria. Ili mambo yaonekane ya kiserikali, aliwataka waliotia saini ombi la sheria hiyo waandike kazi na waajiri wao, na waambatishe nakala za vitambulisho. Katibu wake alikuwa Proscovia, Mganda mpole aliyefanya usafi katika jengo la makazi ya wafanyakazi huko Dubai Investments Park. Proscovia aliamini kila neno. Ndiyo maana siku yake ya mapumziko alilibeba faili hadi ofisi ambayo Austine alidai imeipokea rasimu. Karani alitafuta kwa adabu, kisha akamwambia hakuna kitu kama hicho.

Kwenye treni ya metro Proscovia alitaka kulia, lakini akafungua faili akaanza kusoma. Mle ndani mlikuwa na watu thelathini na wanane wenye kazi zinazojulikana na karatasi kamili. Akamkumbuka meneja wake, ambaye kila siku alilalamika kuwa ghorofa tatu ziko tupu na wanaokuja kuomba hawana hata karatasi.

Ijumaa iliyofuata Austine alitoka zamu akakuta fleti haina mtu ila Severin, ameketi katikati ya vitanda vitupu.

"Udugu wako umehamia kule kwa Proscovia," Severin akasema. "Na wewe khalas, imekwisha, toka."

Austine alipanda basi na begi lake hadi jengo alikofanya kazi Proscovia. Alikuta ghorofa ya kwanza ya kaka, ya pili ya dada, na harufu ya chapati ikishuka ngazini. Uongo wake ulikuwa umepata anwani. Alijikuta akiona fahari, halafu njaa. Akamwambia Proscovia kwamba mwanzilishi hawezi kukosa kitanda.

"Vimejaa, kaka Austine. Ila ya tatu bado imefungwa, meneja hataki kuifungua. Kesho utakwenda kutuombea. Akikubali, kitanda cha kwanza ni chako."

Austine akauliza amdanganye vipi.

"Usimdanganye. Mwambie ukweli."

Akampa sahani. Austine akaketi ngazini, chapati ikipoa magotini, akitafuta pa kuanzia asipaone.