Rambirambi kwa Tanuri

Jumatatu, 6 Oktoba

Zimebaki siku nne. Ijumaa muda wangu wa majaribio kazini unakwisha, na bosi, Si Abdelilah, yaani Bwana Abdelilah, ataamua kama nathibitishwa au naenda nyumbani. Mama nilishamwambia nimethibitishwa. Nilimwambia mwezi uliopita, asije akapata wasiwasi. Ameshagawa vitafunio mtaa mzima.

Kazi yenyewe ndogo. Programu yetu ya simu inaitwa Tanuri Letu. Mwanamke anakanda mkate nyumbani, anaupeleka kwa Ba Maati, mwokaji wa mtaa wetu hapa Fez, kisha anataka kujua umeiva au bado. Wakati huo mikono yake imo kwenye unga wa sinia la pili. Simu haishikiki. Basi anasema tu, msaidizi wa sauti anasikia, anamjibu. Njia ya mkato ya sauti. Nimeiandika mimi.

Leo nimeijaribu mara themanini kwenye simu yangu. Mara zote themanini imejibu. Nikampa Mama. Haikujibu hata mara moja!

Nimekaa nikamsikiliza. Ninachosema mimi: "Tanuri Letu, mkate wangu tayari?" Anachosema Mama: "Salaam aleikum, Tanuri Letu, umeamkaje, nyumbani hawajambo, Mungu awarehemu wazazi wako, samahani nakusumbua, ule mkate wangu je?" Kabla hajafika kwa wazazi, msaidizi ameshakata tamaa. Mama amekasirika. Anasema kitu hicho hakikumwitikia hata salamu.

Tatizo si programu. Tatizo ni Mama.

Jumanne, 7 Oktoba

Tatizo ni mtaa mzima. Tumeweka programu kwenye simu thelathini za majirani. Zote bubu.

Ghizlane, anayekaa meza ya pili na aliyethibitishwa tangu mwaka jana, amenishauri nikakae tanurini siku nzima, nisikilize watu wanavyoomba mikate yao, ndipo niandike. Siku nzima! Anataka nichelewe, huyo. Nimemshukuru.

Mpango wangu ni bora. Nimechapisha vikaratasi thelathini vyenye maneno matano tu ya kusema. Nikapita mlango kwa mlango. Nikaeleza kwa upole: hakuna salamu, hakuna wazazi, matano tu.

Lalla Khnata, bibi wa mlango wa tatu kutoka kwetu, alikisoma chake, akakigeuza kutazama kama salamu ziko nyuma. Akauliza nimelelewa na nani. Nikamwambia anamjua, ni Mama, Lalla Zhor. "Namjua, ndiyo maana nauliza," akasema. "Mimi nimkoromee mtu hivi, mwanangu? Mimi hata punda namwambia tafadhali, anipishe." Nikamweleza kwamba huyu si mtu, ni programu. Akasema basi ndiyo zaidi, maskini, haina mama wa kuifunza adabu.

Vikaratasi ishirini na tisa vimerudishwa. Cha thelathini kimefungiwa bizari.

Jumatano, 8 Oktoba

Wazo kubwa! Badala ya kuwafunza watu kuacha adabu, naifunza simu adabu yao yote. Kila salamu inayoweza kuutangulia mkate, naiandika.

Mjomba Allal anazijua zote. Yeye ni msomaji wa hitima na hakuna shughuli mjini isiyomwita. Nilimfuata asubuhi, akataja, nikaandika. Tumefika elfu moja na mia sita, kila moja kwa mitindo yake. Mjomba alianza na rambirambi kwa kuwa ndizo kazi yake. Alipoanza hakukoma. Harusi, sikukuu, safari na salamu za kila siku zilikuja mwishoni, sauti ikiwa imeshamkauka.

Nimejaribu salamu ya kwanza kwenye orodha. Imejibu. Hakuna onyo, hakuna kosa, kila alama kijani. Nimetuma toleo jipya kwenye simu zote thelathini.

Ghizlane ameuliza kama nimesoma mwongozo, ule ukurasa wa kikomo. Nimemwambia nimeusoma. Nitausoma Jumapili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Asubuhi mbaya. Simu bado bubu. Mama amesalimia mara tatu, ya tatu kwa ukali.

Saa nne, muujiza. Lalla Batoul alikuwa ametoka kutoa pole mtaa wa pili. Maneno yalikuwa bado mdomoni, akaipa pole na simu. Ikamjibu papo hapo! Akapanda darini akawatangazia wenzake siri. Kufika adhuhuri, kila dirisha la jiko linasema: "Makiwa, Tanuri Letu, Mungu awape subira, mkate wangu je?" Na kila dirisha linajibiwa.

Maombi mia mbili na kumi na manne yamefanikiwa. Nimempelekea Ghizlane ripoti ili aumie kidogo.

Hakuumia. Aliisoma, akauliza nani amekufa. Nikasema hakuna. Akanieleza kwamba mfumo unapokea kauli elfu moja tu, zinazozidi unazitupa kimyakimya, na elfu yangu yote ni msiba mtupu. Nikamwambia mtaa umejifunza wenyewe bila kikaratasi, atafute kosa kwingine. Akasema yeye ameshaandika dawa yake. Mtu anaita tu jina la programu, inaitika "Naam, Lalla, karibu," halafu inamwacha aongee mpaka achoke, na mkate wake inautafuta humo humo. Nibonyeze kukubali tu. Nimemwambia tuzungumze baada ya Ijumaa. Sina haja ya kugawana ushindi na mtu.

Mama ameuliza nani amefariki kwa Ba Maati. Nikasema hakuna. Akasema watu husema hivyo msiba ukiwa mzito sana. Ametoka kununua sukari.

Ijumaa, 10 Oktoba

Saa nne Si Abdelilah alifika tanurini kuona onyesho. Alikuta viti.

Viti hamsini vya kukodi. Miche ya sukari thelathini na mmoja, ile mirefu inayopelekwa msibani, imepangwa ukutani. Mjomba Allal na wenzake wawili wameshaanza kusoma. Katikati ameketi Ba Maati, analia.

Nilimvuta pembeni nikamuuliza amefiwa na nani. Akasema hajui, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Ila tangu jana watu wanampa pole, na hisia zake zinamwambia ni kaka yake aliyeko Oujda. Miaka sita hawajasemezana kwa sababu ya shamba la mizeituni. "Kama unajua, mwanangu, niambie," akasema. "Nimejikaza."

Hapo ndipo ningesema. Nilitazama upande wa bosi. Nikamwambia Ba Maati azidi kujikaza.

Si Abdelilah ni mtu wa heshima. Alimwendea Ba Maati, mkono mmoja kwenye bega lake, mkono wa pili umeshika simu niliyokwisha kuifungua kwa ajili ya onyesho. Akasema makiwa kwa watu wote wa Tanuri Letu, Mungu awape subira.

Simu ikajibu, kwa sauti safi, katikati ya kisomo: "Mkate wako uko tayari."

Ulikuwa tayari kweli. Moshi ulikuwa umeshaanza kutoka, maana mwokaji yuko kitini analia. Masinia arobaini, hakuna hata moja lililopona. Lakini kusema haki, njia ya mkato ilifanya kazi mara ya kwanza, mbele ya bosi.

Ghizlane ndiye aliyepiga simu Oujda. Kaka akapokea yeye mwenyewe, mzima, yuko kituo cha basi na begi lake, naye analia. Kule alikuwa ameambiwa aliyekufa ni Ba Maati. Ba Maati akanyang'anya simu. Akamtukana kwa miaka yote sita, bila kuruka mwaka. Kisha wakalia tena, safari hii wakijua sababu. Mizeituni haikutajwa. Nami nilitokwa na machozi kidogo, kwa moshi.

Bosi alinichukua kando ya kuni. Alikuwa amefika kwenye maneno "kwa hiyo sisi na wewe" Ba Maati alipoingilia. Akamwambia kijana huyu amenirudishia kaka yangu, na siku mtakayomfukuza, mikate ya mama yako, Si Abdelilah, itafute tanuri jingine. Bosi ana mama. Nimeongezewa mwezi mmoja wa majaribio, chini ya Ghizlane. Kauli za sauti nimekatazwa kuzigusa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Dawa ya Ghizlane imewekwa. Mama ameongea na simu dakika kumi na moja bila kukatizwa. Ameiuliza hali, ameieleza goti lake, amemsengenya Lalla Batoul, na mwishoni akaambiwa mkate umeiva. Anasema hatimaye kitu kimelelewa. Simu zote thelathini zinafanya kazi. Bahati tu.

Kuhusu ule mwezi nimemweleza Mama ukweli kwa namna yake: nimepandishwa cheo, sasa nina msaidizi, anaitwa Ghizlane. Amegawa vitafunio tena.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimetafakari kwa unyenyekevu siku mbili nzima. Mtu mkubwa hukiri kosa lake, nami nimelipata langu. Ni mpangilio. Nani huanza na rambirambi? Watu wanataka furaha! Ya Ghizlane inafanya kazi, sikatai, lakini dakika kumi na moja kwa mkate mmoja ni nyingi mno.

Nimerudi kwa Mjomba Allal. Safari hii ni pongezi za harusi tu, elfu moja kamili, hata moja haizidi. Ukurasa wa kikomo nimeusoma. Sijagusa kauli za zamani, kwa hiyo katazo sijalivunja. Hizi ni mpya.

Tena nimekuwa mwangalifu. Sikutuma kwenye simu zote. Nimechagua simu moja tu, ya mwanamke ambaye mtaa mzima utamwiga: Lalla Rqia, mke wa Ba Maati. Nimempa orodha, akaijaribu mbele yangu kwa kauli ya kwanza: "Hongera, Ba Maati wa Tanuri Letu, Mungu akubariki wewe na bibi harusi wako mpya."

Imejibu papo hapo. Lalla Rqia akauliza bibi harusi yupi. Nimeliandika kwenye ripoti kama maoni ya mtumiaji.