Mbuzi wa Lasti Kadi

Mwalimu Tomasi aliingia kijiweni Mwembesongo na habari ya redioni. Laiti angekuja na njaa tu, kama siku zote.

"Jana timu imenyang'anywa goli," alisema, akijisogezea kashata ambayo hakuiagiza. "Mpira uko hewani, refa kapuliza filimbi. Umeingia wavuni, lakini filimbi imetangulia. Goli hakuna."

Hamza wala hakujali. Huyu ndiye dereva wa bajaji anayeitwa Kona Kali, na abiria wake wanajua kwa nini. Alikuwa amekuja kumchukua mbuzi aliyejishindia jioni iliyopita kwenye mashindano ya karata, mchezo wa lasti kadi. Kesho yake ilikuwa akika ya binti yake mchanga. Mkewe, Mwanvita, alishaalika ukoo mzima kutoka Matombo, na mbuzi mwingine hakuwapo, si zizini wala ndotoni.

Ila Rashidi Sumaku, fundi redio aliyeshindwa fainali ile, aliweka kikombe chini taratibu.

"Basi na mbuzi naye arudi. Kona, jana ulibakiwa na karata mbili. Sheria inasema kabla hujatupa moja, tangaza 'lasti kadi'. Ukichelewa, unaokota mbili za adhabu. Wewe ulitangaza karata imeshatoka mkononi."

"Imetoka, lakini haijafika kwenye benchi. Ilikuwa hewani."

"Hewani ndiyo imeshachezwa."

"Acha uongo, Sumaku. Karata ikiwa hewani bado haijawa kitu. Upepo wa Uluguru ukiipeleka Kingolwira, utasema imechezwa Kingolwira?"

Kijiwe kikacheka. Hamza hakucheka. Akilini alimwona mama mkwe wake amekaa mkekani, anauliza nyama iko wapi.

Wote wakamgeukia Mzee Kibwana, muuza kahawa. Karata ni zake, benchi ni lake, kwa hiyo na hukumu ni yake. Mzee akakuna kidevu kama anayekuna nazi.

"Mzee wangu, shikamoo tena," Hamza akaanza. "Karata inafanya kazi ikigusa benchi. Lakini neno halingoji kugusa popote. Likitoka mdomoni limeshafanya kazi. Muulize Sumaku, siku alipompa mkewe wa kwanza talaka, sheikh alimuuliza alikuwa amekaa au amesimama?"

"Nilikuwa hewani," Rashidi akajibu. "Naruka dirishani."

"Na ilihesabika?"

"Ilihesabika, mwanangu. Nilitua bila mke."

"Umeona? Neno kwanza, kutua baadaye. Sheria ni hiyo hiyo."

Rashidi akafumba mdomo, amechelewa. Mzee Kibwana bado alikuwa anakuna kidevu, na Hamza uvumilivu ukamwishia.

"Mzee, nipe haki yangu, na huyo mtoto kesho nampa jina lako. Wallahi."

Kidevu kikaachwa hapo hapo.

"Nimeamua," alisema Mzee Kibwana. "Neno linafanya kazi likitoka mdomoni. Kona alitangaza kwa wakati. Mbuzi wake."

Hamza akamfungua mbuzi kwenye mguu wa benchi, roho kwatu. Kamba ilikuwa imeshafika kwenye bajaji pale mzee alipouliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Kibwana mwenzangu amelalaje leo?"

"Mzee, ile ilikuwa soga tu. Mtoto ni wa kike. Na Mwanvita ameshampa jina, la mama mkwe wangu."

"Lilitoka mdomoni au halikutoka?"

"Hukumu ni ya leo hii," Mwalimu Tomasi akakumbusha, mdomo umejaa kashata. "Hata kahawa haijapoa."

Hamza akatafuta hoja, akapata.

"Sikuwa na zamu! Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Jina wanatoa wao. Nilicheza zamu ya ukweni, na anayecheza zamu si yake, mchezo wake haufanyi kazi."

Mwalimu Tomasi akatikisa kichwa kukubali. Hata Rashidi alikiri kwamba hapo Kona kapita vizuri.

"Kweli," alisema Mzee Kibwana. "Haufanyi kazi. Na adhabu ya kucheza zamu si yako?"

"Mbili," Hamza akajibu haraka, amefurahi. "Nipe karata zangu mbili, niondoke."

"Karata za nini, baba? Tulikuwa tunacheza watoto. Wawili wajao, wote Kibwana. Kaongee na ukweni."

Rashidi alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Simu ya Hamza ikaita, Mwanvita anauliza mbuzi yuko wapi. Hamza akafungua mdomo, akawaza neno linavyofanya kazi hapa kijiweni, akaufunga. Akampakia mbuzi kiti cha nyuma bila kuaga mtu.

Mbuzi ndiye aliyelia.

"Huyo naye," Mwalimu Tomasi akauliza, "ni zamu yake?"